Mpira Mweupe Usimame Unapotaka: Mwongozo Kamili kwa Mchezaji wa Pool

Kila baa yenye meza ya pool ina mchezaji anayepiga kwa nguvu. Anatia mpira mgumu kutoka kona hadi kona, watu wanashangilia, halafu mpira mweupe, ule unaopigwa kwa fimbo ili ugonge mingine, unazunguka meza nzima na kwenda kujificha nyuma ya mipira ya mpinzani. Zamu yake imekwisha. Na kuna mchezaji mwingine, kwa kawaida mtulivu, ambaye ukimtazama unaona anatia mipira rahisi tu. Mmoja, wa pili, wa tatu, hadi ule mweusi wa namba nane unaomaliza mchezo. Watazamaji husema leo ana bahati. Lakini kila mpira uliokuwa rahisi, yeye ndiye aliyeurahisisha, pigo moja kabla.

Nilicheza miaka mingi nikiwa wa aina ya kwanza. Kilichonibadilisha si fimbo mpya wala kulenga vizuri zaidi, bali siku nilipoacha kujiuliza "nitautia?" nikaanza kujiuliza "nikishautia, mweupe utakuwa wapi?" Mwongozo huu ni wa swali hilo la pili. Nimeuandika nikifikiria meza zetu za kuweka sarafu, za futi saba, kwa kuwa wengi wetu tunajifunzia hapo, ingawa mambo haya yanafanya kazi kwenye meza yoyote.

Ijue meza kabla ya kuigusa fimbo

Chukua mpira mweupe, uweke juu ya meza ubavuni mwa mpira wa rangi, kisha inama utazame kwa usawa wa macho. Je, vinalingana kimo? Jambo hili dogo hubadilisha kila kitu kitakachofuata, na wachezaji wengi hawajawahi kulifanya.

Meza ya sarafu hufungia mipira iliyoingia, lakini mweupe lazima urudi. Ili mashine iutambue, watengenezaji wa meza nyingi huufanya uwe tofauti na mingine. Kuna meza ambazo mpira wa rangi una kipenyo cha milimita 50.8 na mweupe 47.6. Tofauti inaonekana ndogo, lakini kwa uzito mweupe huo ni mwepesi kwa karibu asilimia 18. Meza nyingine huwa na mweupe mkubwa au mzito kuliko mingine. Kwenye meza kubwa za mashindano mipira yote hulingana, milimita 57.15.

Mweupe ukiwa mdogo, ni rahisi kuurudisha nyuma na ni vigumu kuusukuma mbele baada ya kugonga. Ukiwa mzito, mambo hugeuka: unang'ang'ania kwenda mbele, na kuurudisha kunataka kazi. Mchezaji anayehama baa na kulalamika kwamba "leo mkono umekataa", mara nyingi amehama uzito wa mpira bila kujua.

Baada ya hapo viringisha mpira taratibu kwa urefu wa meza uone kama unapinda. Gonga ukingo mmoja mmoja usikie upi umekufa. Pitisha kiganja juu ya kitambaa: kikiwa kimechakaa na kulainika mpira utateleza mbali zaidi, kikiwa na nywele au unyevu utakwama mapema.

Halafu fimbo. Za baa nyingi zimepinda, lakini unachopaswa kukagua kwanza ni ncha ya ngozi. Iwe na mviringo, isiwe bapa wala isiwe inang'aa. Ngozi hii ndiyo iliyozaa ufundi wote tutakaouzungumzia. Mfaransa François Mingaud ndiye anayetajwa kuwa aliiweka kwenye fimbo mwanzoni mwa miaka ya 1800. Kabla yake fimbo ilikuwa mti mtupu, na mti mtupu ukigusa mpira nje ya kitovu huteleza. Paka chaki kabla ya kila pigo, ukiipitisha kama unayepaka rangi ukutani. Kuichimba kwa kuizungusha kunaacha katikati ya ncha pakiwa patupu.

Mkono

Hapa sitakawia, kwa sababu kusimama kila mtu ana umbo lake. Mambo matatu hayana mjadala. Mkono wa mbele, ule unaobeba fimbo, utulie kabisa juu ya kitambaa. Mkono wa nyuma ushike fimbo kwa ulegevu, kama unavyoshika kifaranga. Na fimbo iwe karibu sambamba na meza; kadiri unavyoinua kitako chake ndivyo mpira unavyorukaruka na kupinda.

Jipime hivi. Chukua mpira wenye mstari, uweke mahali pa mweupe, mstari wake ukiwa umesimama wima na kuelekea unakopiga, kama gurudumu la baiskeli. Piga katikati. Mstari ukienda wima mpaka mwisho, umegusa kitovu. Ukiyumba kama gurudumu lililolegea, umegusa kulia au kushoto bila kukusudia. Fanya zoezi hili mara ishirini kabla ya kuendelea. Wengi wetu tunapoulaumu mpira kwa kukosa adabu, shida iko hapa: tunaamini tunapiga katikati kumbe tunapiga pembeni kwa milimita tatu.

Unafika ukiteleza au ukiviringika?

Sasa kiini chenyewe. Mpira ukipigwa katikati hauanzi kuviringika. Unaanza kwa kuteleza juu ya kitambaa, kama kipande cha sabuni sakafuni. Kitambaa kinaukwaruza chini, unaanza kuzunguka kidogokidogo, na baada ya umbali fulani unakuwa umeviringika kikamilifu. Kwa hiyo pigo lilelile, mahali palepale, huleta matokeo mawili tofauti kutegemea mpira wa rangi uko karibu au mbali.

Mpira wa rangi ukigongwa kifua kwa kifua, huchukua karibu mwendo wote wa mweupe, lakini hauchukui mzunguko wake. Mzunguko unabaki ndani ya mweupe, na ndio unaoamua nini kitafuata. Ukifika ukiviringika, mzunguko huo unausukuma mbele. Ukifika ukizunguka kinyumenyume, unarudi. Ukifika ukiteleza tu bila mzunguko wowote, unasimama palepale.

Mengine yote kwenye mwongozo huu ni matumizi ya aya hiyo. Isome tena kama hujaielewa.

Kusimamisha

Anza na hili, hata kama kurudisha nyuma ndiko kunakoshangiliwa. Pigo la kusimamisha ndilo kipimo cha mengine yote.

Weka mpira wa rangi shibiri mbili kutoka shimo la kona, na mweupe shibiri moja nyuma yake, kwenye mstari mmoja ulionyooka. Piga katikati kabisa kwa nguvu ya wastani. Mweupe unapaswa kufa pale ulipogonga. Ukisogea mbele, ulikuwa umeshaanza kuviringika, basi shusha ncha kidogo au ongeza kasi. Ukirudi, panda kidogo.

Ukipata nane kati ya kumi, sogeza mweupe nyuma shibiri moja. Utaona unalazimika kupiga chini zaidi ya katikati. Sababu yake sasa unaijua: unaupa mpira mzunguko wa kinyume ili kitambaa kiumalize njiani, na ufike ukiwa hauna kitu. Endelea kusogea mpaka nusu ya meza. Hapo utakuwa unapiga chini kwa kiasi kikubwa, na bado mpira unasimama tu. Kwa meza yenye mweupe mdogo, tarajia urudi nyuma kidogo hata ukipiga sawasawa, kwa kuwa kitu chepesi kikigonga kizito hurudi. Rekebisha kwa kupiga juu kidogo.

Kusukuma mbele

Ukiugusa mweupe juu ya kitovu, kwenye karibu asilimia 70 ya kimo chake kutoka mezani, huviringika tangu unapotoka kwenye fimbo. Kwa mpira mkubwa, hapo ni karibu upana wa ncha moja ya fimbo juu ya katikati. Usipande zaidi ya hapo sana. Mpaka wa hatari, kwa upande wowote, ni nusu ya njia kutoka kitovu hadi ukingo wa mpira. Ukiuvuka, ngozi huteleza na unapata ule mlio wa aibu.

Inua mkono wa mbele badala ya kuinamisha fimbo. Kisha jifunze kuutuma umbali uliochagua: shibiri moja baada ya kugonga, mbili, tatu. Kosa la kawaida ni kupiga kwa nguvu ukitaka mpira uende mbali, halafu mweupe unaufuata mpira wa rangi hadi shimoni. Kama uko kwenye mstari ulionyooka na shimo liko karibu, kusukuma mbele ni hatari kuliko kurudisha.

Kurudisha nyuma

Pigo hili limeharibu mikono ya vijana wengi, kwa sababu wanaliona kama mvuto wa ghafla: wanapiga na kuivuta fimbo upesi. Fanya kinyume chake. Fimbo inapita pale mpira ulipokuwa, inaendelea mbele kama upana wa kiganja na zaidi, ndipo inasimama.

Hatua zenyewe: paka chaki. Laza mkono wa mbele karibu na kitambaa ili fimbo ishuke yote pamoja, kitako kisipande. Lenga chini ya kitovu, ukibaki ndani ya ule mpaka wa nusu. Vuta fimbo nyuma polepole, tulia kidogo, kisha pitisha kwa ulaini ukiongeza kasi. Mkono wa nyuma usibane. Ukibana, kitako kinashuka, ncha inapanda, na unagusa katikati huku ukiapa uligusa chini.

Anza na umbali wa shibiri mbili kati ya mweupe na mpira wa rangi. Kadiri umbali unavyozidi, kitambaa kinaumaliza ule mzunguko wa kinyume, kwa hiyo kurudisha kutoka mwisho wa meza kunataka kasi kubwa na ncha safi. Kwa fimbo mbovu ya baa, usijaribu kwenye mchezo wenye dau.

Mpira ukikatwa: mistari miwili ya kukariri

Mpaka hapa tulikuwa kwenye mstari ulionyooka. Mara nyingi mchezoni unaukata mpira, yaani unaugonga ubavuni, na mweupe unaondoka pembeni. Unaondoka kuelekea wapi?

Mstari wa kwanza ni wa pembe mraba. Mweupe ukifika ukiteleza bila mzunguko, huondoka kwa nyuzi 90 na njia ya mpira wa rangi. Tazama mpira wa rangi unakoelekea, chora kichwani mstari unaoukata kama herufi T, na hapo ndipo mweupe utapita. Ukiona mstari huo unaingia kwenye shimo, umeonywa.

Mstari wa pili ni wa mpira unaoviringika. Ukigonga kwa unene wa wastani, yaani mweupe ukifunika robo hadi robo tatu ya mpira wa rangi, mweupe hupinda kutoka njia yake ya awali kwa nyuzi karibu 30, zikifika 34 hivi unapogonga nusu kamili. Unene unabadilika sana lakini pembe inabadilika kidogo tu, na ndiyo sababu mstari huu ni wa thamani kubwa. Ili kuuona, nyoosha kidole cha shahada na cha kati vikae kama herufi V iliyofunguka kwa wastani. Elekeza kimoja kwenye njia ya mweupe unapokwenda kugonga. Kingine kitakuonyesha utakakoelekea baada ya hapo. Mweupe ukiwa mwepesi, ongeza pembe kidogo.

Ukipiga kwa nguvu utaona mweupe unaanza kwenye mstari wa kwanza halafu unapinda, mbele ukiwa na mzunguko wa juu, nyuma ukiwa na wa kinyume. Mfaransa Gaspard-Gustave Coriolis, yuleyule ambaye jina lake hutajwa kwenye elimu ya upepo na bahari, alizifanyia hesabu njia hizi mwaka 1835 akaonyesha kwamba mpindo huo ni wa parabola, sawa na njia ya jiwe lililorushwa hewani. Kwako mezani maana yake ni moja: nguvu nyingi huchelewesha mpindo, kwa hiyo mpira unafika mbali kando kabla ya kugeuka.

Kasi

Kama ningeruhusiwa kumfundisha mtu kitu kimoja pekee, ningemfundisha kasi. Mtu anaweza kukosea pembe akabaki na pigo. Akikosea kasi habaki na kitu.

Piga mweupe peke yake meza tupu. Kasi ya kwanza: uende upande wa pili na kusimama karibu na ukingo. Ya pili: uguse ukingo wa mbali na kurudi hadi ulipotoka. Ya tatu: uende, urudi, uende tena. Zirudie mpaka mkono uzikumbuke bila kichwa kufikiri. Urefu wa kuvuta fimbo nyuma ndio uwe kidhibiti chako: kasi ya kwanza mvuto mfupi, ya tatu mrefu, na mapigo yote yawe laini.

Kisha weka karatasi ya A4 mezani. Tia mpira wowote rahisi na mweupe usimame juu ya karatasi. Ukifaulu mara nyingi, ikunje nusu, kisha robo.

Kuhusu kingo neno moja: pigo kali huubonyeza ukingo na mpira hutoka kwa pembe iliyobana kuliko ulivyoingia. Kwa hiyo kwa wastani na kwa upole ndipo unapoweza kutabiri.

Kulia na kushoto, mwisho kabisa

Nimeliweka hili nyuma kwa makusudi. Mzunguko wa pembeni ndio unaowavutia wote, na ndio unaowafanya wakose mipira rahisi. Ukigusa mweupe upande wa kulia, mambo matatu hutokea kwa pamoja: mweupe unachepuka kidogo kushoto tangu mwanzo, kisha unajipinda kurudi kulia unaposafiri, na ukigonga, unausukuma mpira wa rangi kushoto kidogo. Kuyapima yote matatu kwa fimbo iliyopinda, ambayo umeichukua ukutani dakika mbili zilizopita, ni kazi ngumu mno.

Tumia pembeni pale tu ukingo unapohusika. Kama mweupe utagusa ukingo na kuendelea kuelekea kulia kwako, mguso wa kulia utauongezea mwendo na kupanua pembe. Mguso wa kushoto utaufungia breki na kubana pembe. Mguso wenyewe usizidi nusu ya upana wa ncha mpaka uzoee. Kabla ya kuutumia jiulize kama juu, katikati au chini pamoja na kasi havitoshi. Mara nyingi vinatosha.

Kupanga mipira mitatu

Panga kutoka mwisho. Nane itaingia wapi? Ili niione vizuri, mweupe uwe wapi? Ni mpira gani wangu utakaonifikisha hapo? Huo wa mwisho ni ufunguo wako. Usiutie mapema hata ukiwa mdomoni mwa shimo.

Mfano. Nane iko shibiri moja mbele ya kona ya juu kulia, na mpira wako wa mwisho uko shibiri moja mbele ya shimo la kati la kushoto. Meza ina urefu mara mbili ya upana, kwa hiyo mstari wa nyuzi 45 kutoka kona hiyo unashuka moja kwa moja hadi shimo hilo la kati. Ukisimama popote karibu na shimo la kati la kushoto, unaiona nane vizuri. Basi ukiwa unatokea chini kulia, tia mpira wako kwa kuviringisha, kwa kasi chini ya ya kwanza. Mweupe utapanda kidogo kandokando ya ukingo wa kushoto na kutulia. Wengi wangepiga kwa nguvu. Mweupe ungepanda hadi ukingo wa juu, na nane ingebaki ya kukatwa kwa wembamba.

Willie Mosconi wa Marekani alitia mipira 526 mfululizo mwaka 1954 huko Springfield, Ohio, na mtindo wake ulikuwa huohuo: mweupe wake ulitembea hatua fupifupi. Chagua mpira unaoacha mweupe utembee kidogo. Ukilazimika kutembea mbali, tembea ukifuata mstari wa mpira ujao, si kuukata mstari huo. Ukiufuata, kuzidisha au kupunguza shibiri mbili bado kunakuacha na pigo. Na epuka kusimama sawasawa kwenye mstari ulionyooka kila mara. Pembe ndogo ndiyo inayokupa njia ya kutoka.

Mazoezi kwenye meza ya sarafu

Zungumza na mwenye meza. Mchana, kabla wateja hawajaanza kuingia, wengi hukubali mtu afanye mazoezi kwa malipo ya michezo miwili au mitatu. Omba ruhusa ya kuziba mashimo kwa magazeti yaliyokunjwa ili mipira isifungiwe; itakaa mdomoni na utaitoa kwa mkono. Dakika 40, mara tatu kwa wiki, zinatosha. Kumi za kwanza mpira wenye mstari na kusimamisha, kumi kusukuma na kurudisha, kumi kasi na karatasi.

Kumi za mwisho fanya hivi: tawanya mipira mitatu katikati ya meza, weka mweupe unapopenda, na uitie yote bila mweupe kugusa ukingo wala mpira mwingine zaidi ya ule unaoutia. Ukigusa, anza upya. Mitatu ikiingia mara tatu mfululizo, weka minne. Kwa wengi minne huchukua wiki kadhaa. Ukifika sita, rudi kwenye mchezo wa jioni, na usishangae wakikuambia una bahati.